Kutambua usanifu wa mashine na matoleo ya maktaba kabla ya kusakinisha kifurushi: je, uname -m inatosha?

mtunza_mizani (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninatunza programu ya kurekodi uzito wa dagaa na migebuka katika mialo kadhaa ya hapa Kigoma, ikiwemo Kibirizi na Katonga. Sehemu kubwa ya programu hiyo imeandikwa kwa Python, lakini kipande kinachosoma mizani ni faili tekelezi dogo lililoandikwa kwa C, na hilo ndilo linalonisumbua. Mashine tunazotumia hazifanani. Kando ya mizani kuna vibao vya Raspberry Pi 4 vyenye mfumo wa biti 32 uliojengwa juu ya Debian 11, mwalo mmoja bado unatumia Raspberry Pi Zero ya zamani, na ofisini kuna kompyuta za mezani za mtumba, baadhi zikiwa na Debian 11 na nyingine Ubuntu 22.04.

Skripti yangu ya usakinishaji huita `uname -m`, amri inayotaja usanifu, yaani aina ya prosesa, kisha huchagua faili la .tar.gz kulingana na jibu: x86_64 hupata kifurushi cha amd64, aarch64 hupata cha arm64 (ARM ya biti 64), na jibu lolote linaloanza na armv hupata cha armhf (ARM ya biti 32). Utaratibu huo ulikwenda vizuri mpaka tulipoboresha mfumo wa vibao vya Kibirizi. Tangu hapo `uname -m` inajibu aarch64, kifurushi cha arm64 kinashushwa na kufunguliwa bila tatizo, lakini programu ikiitwa inatoa ujumbe huu:

`bash: /opt/mizani/kisoma: No such file or directory`

Faili lipo. Nikitumia `ls` ninaliona, ruhusa zake ni sahihi, na ukubwa wake unalingana na ule wa faili lililotoka kwenye kompyuta yangu.

Tatizo la pili liko ofisini. Kompyuta yenye Debian 11, ambayo usanifu wake hauna shaka kuwa ni amd64, inakikataa kifurushi cha amd64 kwa sababu nyingine kabisa:

`./kisoma: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version 'GLIBC_2.34' not found (required by ./kisoma)`

Ninachohitaji ni skripti itakayoyatambua mambo haya kabla ya kushusha chochote. Bando tunanunua kwa fedha ya kikundi, na vibao vingine havina intaneti kabisa, hivyo hupelekewa mafaili kwa flashi. Zaidi ya hapo, kazi ya kuboresha programu tunaifanya siku za mbalamwezi, uvuvi wa dagaa kwa taa unaposimama. Mashine isipokuwa tayari giza linaporudi, uzito wa kila mchuuzi utaandikwa tena kwenye daftari, na mabishano ya kilo yataanza upya pale mwaloni. Naomba mwongozo wa namna ya kuuliza mashine maswali sahihi.

reli_ya_kati (Tabora)

Ndugu mtunza_mizani, pole na kazi. Mimi nashughulikia mifumo ya kupimia asali huku kwetu, upande wa Sikonge, na vibao vyetu ni vya aina hiyohiyo, kwa hiyo tatizo lako la kwanza nalifahamu vizuri.

Jibu la `uname -m` ni la kweli, ila linahusu kitu kingine. Amri hiyo hueleza usanifu wa kerneli (kiini cha mfumo) iliyowashwa, ilhali programu yako inategemea mfumo uliojengwa juu ya kerneli hiyo, yaani maktaba ya C, kipakiaji cha programu (kinachoiunganisha programu na maktaba zake), na vyote vilivyomo chini ya /lib na /usr. Kwa kawaida vitu hivi viwili hulingana, lakini hakuna sheria inayovilazimisha kulingana. Mwaka 2023 mpangilio wa kuwasha mfumo wa Raspberry Pi ulibadilishwa, na Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa biti 32 ikaanza kuwashwa kwa kerneli ya biti 64 huku maktaba zote zikibaki za biti 32. Hicho ndicho kilichotokea Kibirizi mlipoboresha: kerneli ni aarch64, mfumo ni armhf.

Sasa kuhusu ujumbe unaodai kwamba faili halipo. Kila faili tekelezi linalotegemea maktaba za mfumo limeandikwa ndani yake njia ya kukifikia kipakiaji chake. La arm64 limeandikwa /lib/ld-linux-aarch64.so.1, la armhf limeandikwa /lib/ld-linux-armhf.so.3, na la amd64 limeandikwa /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Kerneli yako ya biti 64 ilikipokea kisoma kama kitu inachokijua, ikaisoma njia hiyo, ikakitafuta kipakiaji na kukikosa. Kilichokosekana ni kipakiaji, lakini bash inataja jina la faili uliloliita wewe, ndiyo maana ujumbe unapotosha. Kuanzia toleo la 5.2, bash hueleza waziwazi zaidi kwamba kuna faili linalohitajika ambalo halikupatikana. Kama kerneli nayo ingekuwa ya biti 32, ungepata ujumbe tofauti, `Exec format error`. Zizingatie jumbe hizi mbili unapochunguza hitilafu: wa kwanza unaonyesha kwamba kerneli imelikubali faili lakini mfumo hauna kipakiaji chake, na wa pili unaonyesha kwamba kerneli yenyewe imelikataa.

Swali la kuiuliza mashine ni hili:

`dpkg --print-architecture`
`getconf LONG_BIT`

Kwenye kibao chako amri ya kwanza itajibu armhf na ya pili itajibu 32. Kwa Debian na mifumo iliyotokana nayo, ya kwanza ndiyo ya kuamini, kwa kuwa dpkg inaeleza inasakinisha vifurushi vya usanifu upi. Pasipo na dpkg, soma kichwa cha faili ambalo una hakika linafanya kazi kwenye mashine hiyo, kwa mfano /bin/sh. Amri ya `file` inaweza kukusomea, lakini mifumo midogo mara nyingi haina amri hiyo, hivyo mimi hutumia `od`, ambayo ipo karibu kila mahali:

`od -An -t u1 -j 4 -N 1 /bin/sh`
`od -An -t u2 -j 18 -N 2 /bin/sh`

Amri ya kwanza ikijibu 1, mfumo ni wa biti 32. Ikijibu 2, ni wa biti 64. Ya pili hutaja aina ya prosesa ambayo faili lilitengenezewa: 3 ni x86 ya biti 32, 40 ni ARM ya biti 32, 62 ni x86-64, na 183 ni ARM ya biti 64. Baiti hizo ni sehemu ya mpangilio rasmi wa ELF, muundo wa mafaili tekelezi ya Linux, na kerneli nayo huzisoma hizohizo inapoamua kama inaweza kuliendesha faili. Naipenda njia hii kuliko nyingine zote, kwa sababu inachunguza kitu ambacho tayari kinaendeshwa kwenye mashine husika.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya programu yako ni Python, tahadhari pia na `platform.machine()`, kwani yenyewe hurudia tu jibu la uname. Ukitaka kujua Python yenyewe ni ya biti ngapi, tumia `struct.calcsize("P")`, ambayo hujibu 4 kwa biti 32 na 8 kwa biti 64.

Ushauri wangu wa mwisho ni kwamba uachane na .tar.gz pale inapowezekana, utengeneze .deb, yaani kifurushi cha Debian. Dpkg ingekikataa kifurushi cha arm64 papo hapo kwenye mfumo wa armhf usioongezewa usanifu wa arm64, bila wewe kuandika hata mstari mmoja wa ukaguzi. Aliyepokea kifurushi kwa flashi naye anaweza kukisoma kabla ya kukigusa, kwa amri ya `dpkg-deb -f kisoma.deb Architecture Depends`.

bodi_ndogo (Urambo, Tabora)

Wakuu, naongeza jambo moja tu, kwa sababu mleta mada ametaja Raspberry Pi Zero.

Armhf ya Debian na armhf ya Raspberry Pi OS hazilingani. Debian hujenga armhf yake kwa prosesa za ARMv7 na kuendelea. Raspberry Pi OS ya biti 32 hutumia jina hilohilo, lakini imejengwa kwa ARMv6, ili vibao vya kwanza na Zero viendelee kutumika. Dpkg itajibu armhf kote kuwili. Ukikompaili (yaani ukigeuza msimbo kuwa faili tekelezi) kwa zana za kawaida za armhf zilizomo kwenye Debian au Ubuntu, kifurushi kitakubaliwa kwenye Zero, maktaba zote zitapatikana, kisha programu itaanguka kwa `Illegal instruction` mara itakapofika kwenye amri ambayo prosesa haiijui.

Kwa hiyo usiifute `uname -m` kwenye skripti yako. Zero ya zamani hujibu armv6l, na kwa mashine hiyo jibu hilo ndilo unalolihitaji. Upande wa kifurushi, `readelf -A kisoma` huonyesha mstari wa Tag_CPU_arch, ambao hutaja v6 au v7. Ukikompaili ndani ya Raspberry Pi OS ya biti 32, faili moja litatumika kwenye Zero na kwenye Raspberry Pi 4 pia.

mtunza_mizani (Kigoma)

Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimevikagua vibao vya Kibirizi: dpkg inajibu armhf, getconf inajibu 32, na `od` inatoa 1 na 40, wakati uname bado inasema aarch64. Zero imejibu armv6l kama ilivyoelezwa. Nitakompaili ndani ya Raspberry Pi OS na kutoa kifurushi kimoja kwa mialo yote.

Limebaki suala la ofisini. Kisoma hakitumii kitu chochote kipya: kinafungua mlango wa mizani, kinasoma mstari, kinauandika kwenye faili. Ninakikompaili kwenye kompyuta yangu yenye Ubuntu 22.04. Kwa nini kidai GLIBC_2.34? Je, kuna ubaya kuichukua libc.so.6 ya Ubuntu na kuiweka kwenye Debian 11?

seva_na_nyaya (Tabora mjini)

Kaka, nianze na swali la mwisho: usifanye hivyo kwa hali yoyote. Maktaba ya C na kipakiaji chake ni lazima vitoke toleo moja, na karibu kila amri kwenye mashine inavitegemea vyote viwili. Ukibadilisha kimoja peke yake, hata `ls` na `cp` zinaweza kukataa kufanya kazi, na utabaki huna amri ya kurudishia faili la awali.

Kuhusu sababu, jibu liko kwenye glibc yenyewe, yaani hiyo maktaba ya C. Toleo la 2.34 lilitoka Agosti 2021, na ndani yake libpthread (maktaba ya nyuzi) iliunganishwa na libc. Katika toleo hilohilo, alama (jina la kipengele cha maktaba) ya `__libc_start_main`, ambayo kila programu ya C hupitia kabla ya kufika kwenye main yako, ilipewa nambari mpya ya toleo. Kwa hiyo faili lolote linalounganishwa kwenye mfumo wenye glibc 2.34 au zaidi litaidai 2.34, hata kama main yake haina mstari hata mmoja. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, Debian 11 ina 2.31. Hakuna unachoweza kupunguza kwenye msimbo wako kitakachoondoa dai hilo.

Cha kubadilisha ni mahali pa kukompaili. Glibc huhifadhi alama zake za zamani, hivyo faili lililotengenezwa juu ya 2.31 litafanya kazi kwenye 2.35 ya Ubuntu 22.04, kwenye 2.36 ya Debian 12, na kwenye 2.41 ya Debian 13. Kinyume chake hakiwezekani, kama ulivyoona. Kwenye kompyuta yako tengeneza mazingira ya Debian 11 kwa `debootstrap`, ingia humo kwa `chroot`, kompaili humo, kisha kifurushi hicho kimoja kitumike kwa kompyuta zote za ofisi.

Sasa tuje kwenye utambuzi, maana ndilo swali lako hasa. Unahitaji nambari mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mashine inayo:

`getconf GNU_LIBC_VERSION`

Ya pili ni ile ambayo faili linadai:

`objdump -T kisoma | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -n 1`

Hiyo ya pili usiipeleke mwaloni. Ipate siku ya kukompaili, uiandike kwenye faili dogo la maelezo pamoja na usanifu, kisha faili hilo likae kando ya kifurushi. Skripti ishushe maelezo kwanza, ambayo ni baiti chache tu, ilinganishe, na ikiridhika ndipo ishushe kifurushi chenyewe. Hapo bando la kikundi litakuwa limepona. Kwa vibao vinavyopelekewa flashi, faili hilohilo la maelezo liwemo kwenye flashi.

Katika kulinganisha, usizichukulie nambari hizo kama desimali. Kwa hesabu ya desimali 2.4 ni kubwa kuliko 2.31, ilhali kwa matoleo 2.4 ni ya zamani zaidi kwa miaka mingi. Tumia `sort -V`, au `dpkg --compare-versions 2.31 ge 2.28`, ambayo hutoa jibu lake kwa njia ya hali ya kutokea, yaani nambari ambayo programu huiacha inapomaliza: 0 ni ndiyo, isiyo 0 ni hapana.

Libc si maktaba pekee ya kuangalia. Orodhesha zote kwa `readelf -d kisoma | grep NEEDED`, na usome nambari iliyo mwishoni mwa kila jina, kwa sababu nambari hiyo ni sehemu ya jina. Debian 11 ina libssl.so.1.1, Ubuntu 22.04 ina libssl.so.3, na moja haiwezi kusimama badala ya nyingine hata kama zote ni OpenSSL. Wengi hukimbilia `ldd`, nami huitumia kwa mafaili niliyoyatengeneza mwenyewe, lakini mwongozo wake unaonya kwamba katika mazingira fulani inaweza kuliendesha faili lenyewe. Kwa faili lililotoka kwa mtu usiyemjua, `readelf` na `objdump` ni salama zaidi, kwa kuwa zinasoma tu. Zaidi ya hapo, `ldd` haitakusaidia kwa faili la usanifu mwingine; itakwambia tu kwamba si faili la aina inayoijua.

Ukitengeneza .deb kama alivyoshauri ndugu wa reli_ya_kati, zana ya `dpkg-shlibdeps` itakuandikia yote haya kwenye sehemu ya Depends, na `apt-get -s install ./kisoma.deb` itakuonyesha matokeo bila kubadilisha chochote kwenye mashine.

reli_ya_kati (Tabora)

Maelezo ya seva_na_nyaya yamejitosheleza. Kwa faili dogo kama kisoma ningefikiria pia kulikompaili kwa musl, maktaba nyingine ya C, likiwa limebeba kila kitu ndani yake. Faili la namna hiyo halihitaji kipakiaji wala glibc, hivyo suala lote la matoleo linaondoka na unabaki na suala la prosesa peke yake. Sisi tunatumia njia hiyo kwenye mizani ya asali.

Gharama yake ni kwamba hitilafu ya usalama ikipatikana kwenye maktaba uliyoibeba, masasisho ya kawaida ya mfumo hayatakufikia. Ni wewe utakayelazimika kukompaili upya na kuvizungukia vibao vyote. Kwa programu inayosoma waya wa mizani bila kugusa mtandao, naona gharama hiyo inabebeka. Kwa sehemu inayotuma takwimu ofisini kupitia intaneti, nisingethubutu.

Angalia pia kama amri yako ya kukompaili ina `-march=native`. Chaguo hilo hutengeneza faili kwa ajili ya prosesa ya kompyuta yako hasa. Kompyuta za ofisi, kama ni za kizazi cha Core 2 Duo, hazina amri za AVX, ambazo zilianza kwenye prosesa za Intel za mwaka 2011. Usanifu utalingana, glibc italingana, na bado programu itaanguka kwa `Illegal instruction`. Kwenye mstari wa flags wa /proc/cpuinfo utaona kama avx imo. Ila ukiliondoa chaguo hilo, gcc ya Debian hurudi kwenye kiwango cha chini kabisa cha x86-64, ambacho kila prosesa ya amd64 inakiweza.

mtunza_mizani (Kigoma)

Chaguo la `-march=native` lilikuwemo, na nimeliondoa. Kifurushi kilichokompailiwa ndani ya chroot ya Debian 11 kinadai glibc isiyozidi 2.31, na kimekubali kwenye kompyuta zote za ofisi. Skripti sasa inashusha maelezo kwanza, na mashine isipofaa inasimama na kumwandikia karani wa mwalo kwa Kiswahili: "Kifurushi hiki kinahitaji glibc 2.34, mashine hii ina 2.31. Hakuna kilichobadilishwa."

Swali la mwisho: skripti ifanye nini pale ambapo mashine haitoi jibu kabisa? Kuna mfumo mmoja wa Alpine Linux ambao `getconf GNU_LIBC_VERSION` inashindwa.

seva_na_nyaya (Tabora mjini)

Alpine hutumia musl badala ya glibc, ndiyo maana haina cha kujibu, na faili lako la glibc halitafanya kazi humo. Jibu likikosekana, skripti ihesabu kwamba mashine haifai, isimame na kutaja ni swali gani lililokosa jibu. Asijaribiwe mtu kuendelea kwa kubahatisha.

Hata majibu yote yakiwa mazuri, usilifute toleo la zamani. Weka kila toleo kwenye saraka yake, kwa mfano /opt/mizani/1.8 na /opt/mizani/1.9, na /opt/mizani/sasa iwe kiungo tu kinachoelekeza kwenye toleo linalotumika. Kipe kisoma chaguo la `--toleo` linaloandika nambari na kutoka, bila kugusa mizani. Baada ya kufungua kifurushi kipya, skripti iite /opt/mizani/1.9/kisoma --toleo. Kipakiaji kikikosekana, glibc ikiwa ya zamani, au prosesa ikikutana hapo na amri isiyoijua, hali ya kutokea haitakuwa 0, na kiungo kitabaki kikielekeza kwenye 1.8.